Tovuti za kejeli za vyama: wanamlenga mpinzani, mwandishi wa habari, au barua pepe yako?

#1 Mwanzi

Salaam wakuu.

Kuna jambo sijalielewa mpaka leo. Chama kikubwa, chenye ofisi, msemaji na hela za kampeni, kinakaa chini na kutengeneza tovuti nzima ya kumkejeli mpinzani. Sizungumzii kibonzo cha siku moja. Nazungumzia tovuti yenye anwani yake, picha na vitufe vyake.

Mfano ninaoupenda ni wa Marekani, Oktoba 2012. Makao makuu ya chama cha Democratic yalifungua romneytaxplan.com. Ukiingia unakuta ukurasa umepangwa kama wa mtu makini anayetaka kukueleza mpango wa kodi wa Mitt Romney, mgombea urais wa Republican, na kitufe cha kupata undani wake. Ukisogeza kishale ubofye, kitufe kinakimbia. Unakifuata kushoto, kinarukia kulia. Unakijia polepole kwa chini, kinapaa. Mchezo wote ni huo. Maana yake mtu anaipata bila kusoma aya hata moja: huyu bwana hataki kusema mpango wake ukoje.

Ni kazi nzuri, sikatai. Lakini ninavyoona mimi, tovuti za namna hii hazibadilishi kura hata moja. Anayecheka ni yule aliyekwisha kuamua. Sasa wanatengeneza za nini? Karibuni.

#2 Kunguru_Mweusi

Nimeshavuta kiti. Endeleeni.

#3 BintiSiasa

Mwanzi, unaangalia wapigakura wakati walengwa ni wengine kabisa. Walengwa ni waandishi wa habari.

Kumbuka Julai 2008, kamati kuu ya Republican ilipotoa BarackBook. Waliiga mwonekano wa Facebook, wakamwekea Obama "marafiki" ambao wao walitaka watu wawajadili, akina Tony Rezko, mfanyabiashara aliyepatikana na hatia ya ufisadi, na William Ayers, mwanaharakati wa zamani wa kundi lililolipua mabomu. Wangeandika taarifa ya kawaida kwa vyombo vya habari kwamba Obama anafahamiana na Rezko, nani angeisoma? Hiyo hadithi ilishachakaa. Lakini "chama chaiga Facebook kumdhihaki mgombea" ni habari mpya, na ili mwandishi aieleze lazima ataje Rezko na Ayers. Tuhuma ya zamani inapata kichwa cha habari kipya, bila malipo.

Mwananchi wa kawaida hata asipoifungua haina neno. Ataisikia kwenye taarifa ya habari.

#4 Mzee_wa_Kumbukumbu

Vijana mnaanzia 2008 kana kwamba intaneti ilizaliwa juzi. Mwaka 1999, George W. Bush akijiandaa kugombea, kulikuwa na gwbush.com iliyofanana na tovuti yake rasmi lakini imejaa kejeli. Bush akakasirika hadharani, akasema uhuru nao unapaswa kuwa na mipaka. Watu wake wakalalamika kwa tume inayosimamia fedha za uchaguzi. Malalamiko yakatupwa mwaka 2000.

Aliyeifanya tovuti ile iwe maarufu ni Bush mwenyewe. Angenyamaza, wangeiona watu wachache tu.

#5 Chembe

Mzee, shikamoo, lakini hapo umechanganya mafaili. Ile gwbush.com ilikuwa ya mtu binafsi, Zack Exley, siyo ya chama cha Democratic. Mleta mada anauliza kuhusu vyama.

#6 Mzee_wa_Kumbukumbu

Marahaba Chembe. Sikuandika popote kwamba ilikuwa ya chama, rudi usome. Nimeileta kwa sababu hapo ndipo vyama vilipojifunza. Waliona mtu mmoja na kompyuta yake anamtoa jasho gavana wa Texas, wakajiuliza kwa nini wasifanye wenyewe. Mwaka 2004 Republican wenyewe walishatoa mchezo wa mtandaoni, Kerryopoly, ulioigwa kutoka ule mchezo wa kununua viwanja na nyumba, ili kumwonyesha John Kerry, mgombea urais wa Democratic, kama tajiri asiyejua shida za watu.

#7 Fundi_Waya

Mimi nitaongea kama mtu aliyewahi kushika bisibisi. Sitaji chama, sitaji mwaka.

Niliwahi kuitwa kutengeneza ukurasa wa namna hii. Nikaenda na michoro yangu, utani wangu, hata sauti ya vicheko nilishaitafuta. Kikao kizima hakuna aliyeuliza kuhusu utani. Swali la kwanza kutoka kwa mkubwa wao lilikuwa: fomu ya barua pepe inakaa wapi? La pili: namba ya simu tuifanye lazima au hiari? Walitaka mtu akicheka tu, chini ya kicheko kuwe na kisanduku cha "tuma kwa rafiki", na ukimtumia rafiki wanabaki na anwani zenu wote wawili.

Kwa hiyo BintiSiasa, habari za magazetini ni ziada. Mali ni orodha. Aliyekubali kuacha barua pepe kwenye ukurasa wa kumcheka mpinzani amekwisha kujitambulisha ni wa upande gani, na kesho anaombwa mchango.

#8 Kunguru_Mweusi

Hapa sasa umeongea mkuu. Na vicheko ulivitoa wapi?

#9 Fundi_Waya

Vya bure mtandaoni. Walivikataa, wakasema vinasikika kama vinawacheka wao.

#10 Ndege_Mtini

Hoja ya #7 kuhusu michango ina ushahidi wa wazi. Mwanzoni mwa 2014 kamati ya Republican inayosimamia uchaguzi wa wabunge wa Baraza la Wawakilishi ilifungua tovuti zenye majina ya wagombea wa Democratic. Ya Alex Sink wa Florida ilikuwa na picha yake kubwa na jina lake likifuatiwa na maneno ya kugombea ubunge. Ukisoma maandishi yenyewe ndipo unagundua kwamba mchango wako ni wa kumshinda Sink, siyo wa kumsaidia. Kuna aliyechanga akidhani anamuunga mkono, akaja juu, akarudishiwa hela yake.

Mwaka huohuo kamati hiyohiyo ikatengeneza kama dazeni mbili za tovuti zilizofanana na kurasa za habari za mitaa, kila moja ikimchambua mgombea mmoja wa upande wa pili. Chini kabisa kwa herufi ndogo: imelipiwa na kamati. Wao walisema ni njia mpya ya kumfikia msomaji.

#11 BintiSiasa

Ndege_Mtini, hiyo siyo kejeli, huo ni mtego. Mwenye kejeli anataka ujue kwamba anatania, maana usipojua hucheki. Hao walitaka usijue. Tusiweke vitu viwili kwenye gunia moja.

#12 Ndege_Mtini

Mpaka wenyewe uko wapi? Chukua joebiden.info ya 2019. Ilionekana kama tovuti ya kampeni ya Joe Biden, ina picha zinazojirudia za Biden akiwashika watu mabega na kuwakumbatia, ina misimamo yake ya zamani ambayo wafuasi wake wa sasa hawaipendi. Chini kuna kanusho kwamba ni mzaha. Kuna wakati ukitafuta jina la Biden kwenye Google unaikuta juu ya tovuti yake halisi! Juni 2019 gazeti la New York Times likaandika kwamba aliyeitengeneza alikuwa akiifanyia kazi kampeni ya Trump. Kwenye kanusho jambo hilo halikuwemo.

Aliyesoma mpaka chini alicheka. Aliyeishia juu alidanganyika. Ukurasa ni uleule.

#13 Mwanzi

Nakuelewa, lakini hapo si chama tena. Ni mtu wa kampeni kwa wakati wake.

#14 Mama_Wawili

"Kwa wakati wake." Mwanzi, una moyo mweupe sana, kaka.

#15 Chembe

Halafu kuna Uingereza, Novemba 2019. Conservative walitengeneza tovuti ya kuhakiki ukweli iitwayo factcheckUK usiku wa mdahalo, wakawa wanamsahihisha Jeremy Corbyn, kiongozi wa Labour, kana kwamba wao ni waamuzi wasio na upande.

#16 Ndege_Mtini

Chembe, uliyemsahihisha Mzee, na wewe pokea. Haikuwa tovuti. Ilikuwa akaunti yao ya Twitter ya ofisi ya habari, waliibadilisha jina na picha wakati wa mdahalo wa tarehe 19 Novemba kati ya Boris Johnson na Corbyn, kisha wakairudisha. Twitter wakawaonya. Tovuti ilikuja siku mbili baadaye: siku Labour wanazindua ilani yao, Conservative wakatoa labourmanifesto.co.uk, ukurasa wa kuiponda ilani hiyo, na wakalipia matangazo ya Google ili anayetafuta ilani ya Labour aikute hiyo kwanza.

#17 Mzee_wa_Kumbukumbu

Haya, Chembe, shikamoo yako nairudisha.

#18 Fundi_Waya

Hiyo ya #16 ndiyo kazi yenyewe, na watu wa nje hawaioni. Ile tovuti haikuhitaji kuchekesha. Ilihitaji kuwepo mlangoni saa mtu anapiga hodi. Mtu hatafuti ilani ya chama kila siku. Anaitafuta siku ya uzinduzi na labda siku moja kabla ya kupiga kura. Ukimiliki anwani inayofanana na ukalipia tangazo kwa saa hizo, umepata watu ambao bado wana maswali.

Kwa hiyo Mwanzi, ule mtazamo wako wa #1 kwamba anayecheka ni aliyekwisha kuamua unashikilia kwa kitufe kinachokimbia. Kwa hii haushikilii.

#19 Mwanzi

Nasubiri mtu anionyeshe uchaguzi uliogeuka kwa sababu ya tovuti. Mpaka sasa nimepewa mbinu, sijapewa matokeo.

#20 Shuka_Jeupe

Matokeo? Chukua Canada, tena yanakwenda kinyume na mnavyofikiri nyote.

Septemba 2008, kampeni ndiyo kwanza zimeanza. Conservative wa waziri mkuu Stephen Harper walikuwa na tovuti ya notaleader.ca ya kumdharau Stéphane Dion, kiongozi wa Liberal. Humo kukawa na kibonzo cha puffin, ndege wa baharini mwenye mdomo wa rangi, anakatiza angani na kumwachia Dion kinyesi begani. Na huyo ndege hakuokotwa tu. Michael Ignatieff, wa Liberal mwenyewe, aliwahi kumsifu puffin hadharani kwa tabia ya kuficha kinyesi chake, akasema angefaa kuwa nembo ya chama. Conservative wakachukua utani wa Ignatieff wakamgeuzia mkubwa wake.

Kelele zikawa nyingi, Harper akaomba radhi, kinyesi kikaondolewa. Ungedhani wameumia. Oktoba 14 wakashinda, viti vikaongezeka, Liberal wakapungua.

#21 Mama_Wawili

Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Kwa hiyo fundisho ni kwamba tupake watu kinyesi?

#22 BintiSiasa

Shuka_Jeupe, kushinda baada ya jambo si kushinda kwa sababu ya jambo. Dion alikuwa na mpango wa kodi ya kaboni ambao wengi hawakuuelewa, na Conservative walishamchora kuwa si kiongozi tangu 2007 kwa matangazo ya televisheni. Huyo ndege alikuta nyumba imeshabomoka.

Na nikupe mfano unaokwenda upande wa pili. Uingereza, 2006. Labour wakamchora David Cameron, kiongozi wa Conservative, kama kinyonga: Dave, anaendesha baiskeli, anabadilika rangi kila anapokutana na watu tofauti, lakini ndani ni buluu ya Conservative. Wakampa video na tovuti yake. Shida ni kwamba yule kinyonga alikuwa mzuri! Macho makubwa, baiskeli, muziki. Watu wakampenda. Mei mwaka huo Labour wakapoteza zaidi ya viti 300 vya madiwani.

#23 Shuka_Jeupe

"Kushinda baada ya jambo si kushinda kwa sababu ya jambo." Halafu aya inayofuata unanipa Labour walioshindwa baada ya kinyonga. Binti, hiyo mizani yako inapima upande mmoja.

#24 BintiSiasa

Sikusema kinyonga ndiye aliyewaangusha. Nasema hakuwasaidia. Kejeli inayomfanya mpinzani apendeze ni tangazo la mpinzani ulilolilipia wewe.

#25 Mzee_wa_Kumbukumbu

Mnamkumbuka na yule Siôn Simon, mbunge wa Labour, mwaka huohuo? Cameron alikuwa anajirekodi nyumbani kwake akiongea na wananchi, mbunge akamwigiza kwa video, anagawa mpaka watoto wake kwa watazamaji. Akashambuliwa hata na watu wa upande wake, akaiondoa na kuomba radhi. Mambo ya familia ya mtu hayana utani. Mtu mzima anajua hilo bila kufundishwa na mshauri wa kampeni.

#26 Jicho_la_Tatu

Nimesoma uzi wote na mnazunguka. Tovuti hizi si za wapigakura, si za waandishi, si za barua pepe. Ni za watu wa ndani ya makao makuu. Vijana wa mawasiliano wanachoka kuandika taarifa ambazo hakuna anayezisoma, wanaomba kufanya kitu cha kuchekesha, mkubwa anakubali ili wasiondoke. Basi. Kila mnachokiita mkakati kinatungwa baadaye, mwandishi akipiga simu.

#27 Fundi_Waya

Ha! Nimewahi kuwaona hao vijana. Hujakosea sana.

#28 Mwanzi

#26 naipokea kwa mikono miwili. Maelezo ya kwanza kwenye uzi huu yanayoeleza kwa nini nyingi ya tovuti hizi ni mbovu.

#29 Sauti_ya_Pwani

Mmezunguka Marekani, Canada na Uingereza, Kenya mmeiruka. Uchaguzi wa 2017 kulikuwa na The Real Raila, tovuti na video za kuonyesha Kenya itakavyokuwa Raila Odinga akishinda: njaa, vurugu, vita. Desemba mwaka huo shirika la Privacy International likatoa ripoti likasema nyuma yake kuna Harris Media, kampuni ya Texas, iliyokuwa ikifanya kazi kwa ajili ya Uhuru Kenyatta kuchaguliwa tena.

#30 Ndege_Mtini

Asante kwa kuileta. Lakini hiyo inachekesha wapi? Ni vitisho mwanzo mwisho.

#31 Sauti_ya_Pwani

Haichekeshi, na ndiyo sababu nimeileta. Umbo ni lilelile: jina la mpinzani kwenye anwani, aliyelipa haonekani, na matangazo ya Google yanakupeleka huko ukitafuta habari za mgombea. Wakiona wapigakura wanacheka, wanaweka kinyonga. Wakiona wanaogopa, wanaweka moto. Ukitazama fundi na vifaa utaona ni karakana moja. Mnaobishana kuhusu kejeli mnabishana kuhusu rangi ya ukuta.

#32 Chembe

Sikubali, japo umeipanga vizuri. Kejeli ina kinga ya kisheria ambayo vitisho vya uongo havina. Marekani Mahakama ya Juu ilishaamua mwaka 1988, kesi ya jarida la Hustler dhidi ya mhubiri Jerry Falwell, kwamba mtu maarufu hawezi kulipwa fidia kwa kuumizwa hisia na mzaha ambao hakuna mtu mwenye akili angeuchukulia kuwa ni ukweli. Rangi ya ukuta ndiyo inayoamua kama unashtakiwa.

#33 Jicho_la_Tatu

Na ndiyo maana kila mwongo siku hizi anasema alikuwa anatania.

#34 Mama_Wawili

Swali la mtu wa kawaida. Si waandike tu juu kabisa, kwa herufi kubwa, "tovuti hii ni ya chama fulani"? Mbona ni jambo dogo?

#35 Ndege_Mtini

Baadhi ya nchi zimeelekea huko. Uingereza, tangu tarehe 1 Novemba 2023, sheria inataka matangazo ya siasa ya mtandaoni yataje aliyeyatoa, kama vipeperushi vya karatasi vilivyotakiwa miaka mingi. Australia nao wanadai tamko la nani kaidhinisha. Umoja wa Ulaya una kanuni yake ya matangazo ya siasa iliyoanza kutumika Oktoba 2025.

Ila angalia, kamati ile ya #10 ilijitaja. Ilijitaja chini kabisa.

#36 Fundi_Waya

Nami nilipewa maelekezo hayo kwa mdomo. Tamko liwepo, rangi ya kijivu juu ya kijivu, na kabla ya kulifikia mtu apite fomu, picha sita na kitufe cha mchango. Kwenye simu unashusha kidole mpaka kinauma. Kwenye karatasi lilikuwa sawa kabisa na sheria.

#37 Shuka_Jeupe

Kuna upande mmeusahau: wagombea wanaojitakia. Mwaka 2015 Carly Fiorina, aliyekuwa akiwania urais kupitia Republican, hakusajili carlyfiorina.org. Mtu akaichukua, akaijaza nyuso za huzuni 30,000, moja kwa kila mfanyakazi aliyepunguzwa kazi Fiorina alipokuwa mkuu wa Hewlett-Packard. Unashusha, nyuso hazikwishi. Desemba mwaka huo kampeni ya Trump ikachukua jebbush.com, anwani yenye jina la mpinzani wake Jeb Bush, ukiifungua inakupeleka kwenye tovuti ya Trump.

#38 Chembe

Jebbush.com kweli ilikuwa inapeleka kwa Trump, lakini haikuthibitika kwamba kampeni yake ndiyo iliyofanya. Na zile nyuso hazikuwa za chama chochote. Naona zilipita kazi zote za vyama mlizotaja hapa, kitufe kinachokimbia pamoja nacho. Mtu mmoja, hasira moja, hakuna kikao cha kupitisha utani.

#39 BintiSiasa

Hapo nakubaliana na Chembe kwa mara ya kwanza leo. Chama kikishakuwa na mwanasheria, msemaji na mhasibu wa kuuidhinisha mzaha, unatoka umepoa.

#40 Kunguru_Mweusi

Fundi_Waya, usituache njiani. Ule ukurasa wako uliishia wapi? Orodha ya barua pepe walipata?

#41 Fundi_Waya

Majina yalikuwa yanaingia kwao moja kwa moja, mimi sikuwa na ufunguo. Ninachojua ni kwamba walirudi baada ya muda wakitaka ukurasa wa pili. Vitufe vilevile, fomu ileile, tamko la kijivu walitaka tulitoe kabisa. Safari hii wa kudhihakiwa alikuwa mtu wa chama chao wenyewe, kura za maoni zikikaribia.

#42 Mama_Wawili

Usiniambie ulitengeneza.

#43 Fundi_Waya

Nilidai nusu kwanza. Wakaniambia wataleta Jumatatu. Hawakuleta, na yule aliyetakiwa kudhihakiwa alipita kwenye kura hizo.

#44 Jicho_la_Tatu

Mwanzi, hayo hapo matokeo uliyoyaomba #19.

#45 Mwanzi

Tovuti ambayo haikutengenezwa haihesabiki. Naendelea kusubiri.